Mpango umefungwa, nyumba bado baridi: pesa za insulesheni Uingereza zimejificha wapi

Katika historia ya mipango ya serikali ya Uingereza ya kusaidia watu kuwekea nyumba zao insulesheni, tarehe moja inajirudia kama nuksi. Vocha za Green Homes Grant zilifungwa 31 Machi 2021. Awamu ya pili ya Home Upgrade Grant ikafikia ukomo Machi 2025. Great British Insulation Scheme nayo ikaisha 31 Machi 2026. Hakuna uchawi hapo: mwaka wa fedha wa serikali unaisha siku hiyo, na mipango hupimwa kwa kazi zilizokamilika ndani ya mwaka. Ndiyo maana mtu anayesikia habari za mpango mwezi Februari mara nyingi ameshachelewa, hata kama tovuti bado inapokea majina. Kupima nyumba, kuchora mpango wa kazi, kupata fundi na kumaliza huchukua wiki nyingi, na fundi anayejua hatalipwa baada ya tarehe fulani haanzi kazi.

Insulesheni tunayoizungumzia ni matabaka ya sufi, povu au mbao laini yanayozuia joto lisitoroke kupitia dari, kuta na sakafu. Aliyekulia kwenye nyumba za mawe za Unguja au Lamu anaweza kudhani ukuta mnene unatosha. Hautoshi. Ukuta wa matumbawe unachelewesha jua la mchana, na hiyo ni kazi nyingine. Penye baridi ya miezi mitano, ukuta mzito wa matofali wa mwaka 1900 unanyonya joto la hita usiku kucha na kulitoa nje.

Mpango unapofungwa, kinachokauka ni mfuko mmoja. Mifuko ni kadhaa, na kila mmoja una mwenyewe: serikali kuu inayopitishia pesa kwenye halmashauri, kampuni za nishati, mamlaka ya kodi, na mwenye nyumba unayemlipa kodi ya pango. Wengi wanakata tamaa kwa sababu wamesikia redioni "umefungwa" wakaacha kutafuta.

Green Homes Grant ni mfano mzuri. Ilitangazwa Julai 2020 na Rishi Sunak, wakati huo Waziri wa Fedha, ikapewa pauni bilioni 1.5 na lengo la nyumba 600,000. Vocha ililipa theluthi mbili ya gharama hadi pauni 5,000, au gharama yote hadi pauni 10,000 kwa wenye kipato kidogo. Miezi sita tu baada ya kuanza kupokea maombi ikafungwa. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ilipopiga hesabu Septemba 2021, ilikadiria kwamba nyumba kama 47,500 tu zingefaidika, na kwamba uendeshaji peke yake ungemeza pauni milioni 50, yaani zaidi ya pauni 1,000 kwa kila nyumba. Mafundi waliosajiliwa walikuwa wachache, vocha zilichelewa, na baadhi ya mafundi walikaa muda mrefu bila kulipwa.

Sehemu ambayo watu wengi hawakuisikia ni kwamba mpango ule ulikuwa na tawi la pili, lililopitia halmashauri. Wiki ile ile vocha zilipofungwa, tawi hilo na fungu la nyumba za umma vikaongezewa pauni milioni 300. Aliyepiga simu halmashauri Aprili 2021 alikuwa na nafasi nzuri kuliko aliyeng'ang'ania tovuti ya vocha mwezi Machi.

Mtindo huo umeendelea. England, mfuko mkubwa kwa nyumba za watu binafsi sasa unaitwa Warm Homes: Local Grant. Ulianza kutoa huduma Aprili 2025 ukiwa na pauni milioni 500, na umepangwa kwenda hadi Machi 2028. Unaendeshwa na halmashauri, nyingine zikiwa zimeungana kikanda. Unagharimia hadi pauni 15,000 za insulesheni na mambo yanayofanana nayo, na hadi 15,000 nyingine za mfumo safi wa kupasha joto, kama pampu ya joto. Nyumba iwe na daraja D, E, F au G kwenye cheti cha nishati, yaani EPC. Kaya nayo iingie kwa mlango mmoja kati ya mitatu: iwe katika eneo la msimbo wa posta lililoorodheshwa kuwa la kipato cha chini, au mmoja wa wakazi apokee msaada wa serikali unaopimwa kwa kipato, kama Universal Credit au Pension Credit, au kipato cha kaya kwa mwaka kisizidi pauni 36,000 kabla ya makato.

Mlango wa kwanza ndio unaosahaulika kuliko yote. Ukiishi ndani ya msimbo uliomo kwenye orodha, mshahara hauulizwi. Halmashauri inaweza kukuambia kwa dakika mbili kama msimbo wako umo, basi anza na swali hilo kabla hujaanza kuchimba karatasi za mshahara.

Waliopoteza zaidi mwaka 2026 ni watu wa kati. Great British Insulation Scheme ilikuwa na kundi la jumla: nyumba za daraja D hadi G, zilizo kwenye bendi A hadi D za kodi ya halmashauri (bendi hupangwa kwa thamani ya nyumba) kwa England, au A hadi E kwa Scotland na Wales, bila kuulizwa kipato. Muuguzi na dereva wa basi wanaoishi pamoja wangeweza kupata sufi ya dari au ya ukuta kupitia humo. Mlango huo haupo tena. Kwao kilichobaki ni nafuu ya kodi, mikopo, na ule mlango wa msimbo wa posta ikiwa bahati iko upande wao. Mpango mkubwa wa pauni bilioni 15 uliotangazwa Januari 2026, Warm Homes Plan, umeahidi mikopo ya riba ndogo au isiyo na riba, lakini ahadi ya mkopo si mkopo. Usisaini kazi ya maelfu ya pauni kwa kutegemea bidhaa ambayo bado haina fomu.

Mfuko wa kampuni za nishati, ECO4, hauna uhai mrefu. Haukuwahi kutoka kwenye kodi: kampuni kubwa za nishati zililazimishwa kisheria kulipia kazi hizo, zikarudisha gharama kupitia bili za wateja wote. Katika bajeti ya Novemba 2025 serikali ilisema mpango huo hautapata mrithi, ili bili zishuke. Kama bado kuna mtu anakuahidi kazi ya ECO4, muulize mambo mawili kwa maandishi: ni kampuni gani ya nishati inayolipa, na siku ya mwisho ya kukamilisha kazi ni ipi. Akikujibu kwa kukutajia siku ya mwisho ya kujiandikisha, hajajibu.

Nje ya England mambo ni tofauti na usipoteze muda kwenye ukurasa usio wako. Scotland nenda Home Energy Scotland, wanaochanganya ruzuku na mkopo usio na riba. Wales ni Nest. Ireland ya Kaskazini kuna Affordable Warmth, unaoanzia halmashauri na kulipwa kupitia Housing Executive, mamlaka ya nyumba za umma ya huko, kwa kaya zenye kipato chini ya pauni 23,000.

Anza na cheti

Kabla hujapiga simu popote, tafuta EPC ya nyumba yako kwenye rejista ya serikali. Ni bure, unaweka msimbo wa posta tu. Cheti hudumu miaka 10. Daraja linatokana na pointi: C ni 69 hadi 80, D ni 55 hadi 68, E ni 39 hadi 54, F ni 21 hadi 38, G ni 20 kushuka chini.

Usiishie kwenye herufi. Shuka hadi kwenye jedwali linaloeleza kuta, paa na sakafu, utafute neno "assumed". Lina maana kwamba mpimaji hakuona kwa macho. Alikisia kutokana na umri wa jengo. Hutokea sana mlango wa dari ulipokuwa umefungwa au dari limejaa masanduku. Cheti kikisema dari lina sufi kwa kukisia, kumbe ni mbao tupu, nyumba inaweza kupewa C isiyostahili na ombi lako likakataliwa kabla halijasomwa. Hapo ndipo pauni 60 hadi 120 za cheti kipya zinapolipa. Siku mpimaji anapokuja, ondoa mizigo chini ya mlango wa dari, weka ngazi, na umwonyeshe risiti za kazi yoyote iliyowahi kufanywa. Wakati mwingine halmashauri yenyewe hulipia upimaji huo, kwa hiyo uliza kwanza.

Kisha ujue ukuta wako ni wa aina gani. Nyumba zilizojengwa kabla ya miaka ya 1920 nyingi zina ukuta mzito usio na uwazi. Za baadaye zina kuta mbili zenye nafasi katikati. Tazama matofali kwa nje. Yakionekana yote marefu, mstari baada ya mstari, kuna uwezekano mkubwa wa uwazi. Yakipokezana refu na fupi, ni ukuta mzito. Kama matofali yamepakwa plasta, pima unene kwenye fremu ya mlango: zaidi ya milimita 260, uwazi unaelekea kuwepo. Tofauti hii ni ya pesa nyingi. Kujaza uwazi ni kazi ya siku moja na bei yake ni ndogo. Ukuta mzito unahitaji kuvishwa mbao za insulesheni ndani au nje, na gharama yake ni mara kadhaa ya ile ya uwazi.

Halmashauri itataka nini

Andaa bili ya kodi ya halmashauri, kitambulisho, uthibitisho kwamba nyumba ni yako, na uthibitisho wa kipato cha kila mtu mzima anayeishi humo. Hapa ndipo maombi mengi yanakwama. Kijana wa miaka 19 anayefanya kazi dukani na kulala chumba cha juu ni sehemu ya kaya. Hati zake za mshahara zinahitajika na kipato chake kinaingia kwenye zile 36,000. Ukimwacha nje kwenye fomu, akaonekana kwenye daftari la wapiga kura, ombi linarudi mwanzo.

Kwa mpangaji, ombi halisogei bila saini ya mwenye nyumba. Chini ya Local Grant, mwenye nyumba hulipiwa nyumba moja kikamilifu, na kwa nyumba nyingine anachangia nusu ya gharama. Akigoma, una hoja nyingine: England na Wales ni kosa kupangisha nyumba iliyo chini ya daraja E bila msamaha uliosajiliwa, na anatakiwa kutumia hadi pauni 3,500 kuifikisha hapo. Mpangaji wa nyumba za umma hana haja ya kujaza fomu hii. Nyumba hizo zina fungu lake, na anayeliomba ni mmiliki. Mwandikie kuuliza mtaa wako umepangwa mwaka gani.

Kuna jambo linalowahusu hasa Waswahili wenzetu wenye viza. Kama kibali chako kimeandikwa kwamba huruhusiwi kutegemea fedha za umma, usiombe Universal Credit, Pension Credit wala Child Benefit ili tu uingie kwenye mpango wa insulesheni. Misaada hiyo imo kwenye orodha iliyokatazwa, na madhara yake yanaweza kufika kwenye viza inayofuata. Muulize mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa kabla ya kutia saini chochote, hata ruzuku ya halmashauri.

Kodi ambayo haitangazwi

Hata ukikosa ruzuku zote, kazi ya insulesheni kwenye nyumba ya kuishi Uingereza haitozwi VAT hadi 31 Machi 2027, bila kujali kipato wala daraja la cheti. Lakini sharti lake linawanasa watu: nafuu inahusu fundi anayeleta vifaa na kuviweka mwenyewe. Ukienda dukani kununua sufi uiweke mwenyewe, unalipa 20% kama kawaida. Makadirio ya pauni 900 kabla ya kodi yabaki 900. Ukiyaona yamepanda hadi 1,080, fundi amekosea au anakujaribu. Baada ya tarehe hiyo kiwango kilichopangwa ni 5%.

Dari, ikiwa unafanya mwenyewe

Kwa dari la kawaida lenye mbao wazi, pengine si lazima usubiri ruzuku. Unene unaopendekezwa ni milimita 270 za sufi ya madini: tabaka la 100 kati ya mbao, kisha la 170 linalopita juu yake kwa kukatiza. Dari la mita 6 kwa 7 ni mita za mraba 42. Kila roli huandikwa linafunika kiasi gani. Likifunika mita 8, unahitaji roli 6 kwa tabaka la kwanza. Kama la unene mkubwa linafunika mita 6, unahitaji 7. Vaa barakoa, glavu na miwani, na tanguliza ubao wa kukanyaga juu ya mbao; kati ya mbao na mbao kuna plasta tu, na mguu ukipita utaonekana sebuleni.

Makosa ni yale yale kila mahali. Watu wanajaza sufi hadi kwenye kona ya paa, wakaziba hewa inayopita chini ya vigae. Baridi ikija, mvuke wa jikoni na bafuni unageuka maji juu ya mbao na ukungu mweusi unaanza. Acha nafasi ya hewa pale pembezoni. Wanafunika taa zilizozama kwenye dari, nazo zinapata joto kupita kiasi. Weka vifuniko maalumu juu yake kwanza. Wanaweka sufi chini ya tangi la maji, wakati inatakiwa lizungushwe pembeni na juu, chini kuachwe wazi ili joto la nyumba lizuie maji kuganda. Wakishamaliza wanarudisha masanduku juu ya sufi, ikabanwa na kupoteza kazi yake, kwani kinachozuia joto ni hewa iliyonaswa ndani yake. Na mlango wa dari wanausahau kabisa.

Usikubali povu la kupulizwa chini ya vigae hata likija na punguzo nono. Linaficha mbao, linaweza kunasa unyevu, na benki nyingi hukataa kutoa mkopo wa nyumba iliyopuliziwa. Kulitoa kunaweza kugharimu kuliko kuliweka.

Ukuta ni kazi ya kukaguliwa

Kwa uwazi wa ukuta, fundi mzuri hutoboa tundu dogo kwenye udongo kati ya matofali, akaingiza kamera nyembamba. Anatafuta upana wa angalau milimita 50, na kama kuna takataka za ujenzi zilizoangukia humo. Kisha hutoboa matundu ya milimita 22 hivi, takriban mita moja moja, akapuliza sufi au chembe za polistireni na kuyaziba. Akikupa bei bila kutoboa lile tundu la kwanza, mwambie asante, kwaheri. Nyumba inayopigwa na mvua za upepo wa magharibi, yenye matofali yanayobomoka, haifai kujazwa kabla ya kukarabatiwa. Maji yatavuka kupitia sufi hadi kwenye plasta ya ndani.

Ukuta mzito ndio uliozaa kashfa. Januari 2025 serikali ilizisimamisha kampuni 39 kwa kazi mbovu za kuta. Oktoba mwaka huo Ofisi ya Ukaguzi ikaeleza kwamba 98% ya nyumba zilizovishwa insulesheni ya nje chini ya ECO4 na Great British Insulation Scheme zina kasoro kubwa zinazohitaji kurekebishwa, yaani nyumba kati ya 22,000 na 23,000. Kwa insulesheni ya ndani ilikuwa 29%. Chanzo ni vitu vidogo. Ukuta ukinenepa kwa milimita 100, kingo za madirisha na ukingo wa paa vinakuwa vifupi, maji ya mvua yanadondokea nyuma ya mbao badala ya mbele. Tofali la matundu la kupitisha hewa linazibwa. Feni ya bafuni haiwekwi, na nyumba iliyokuwa ikivuja hewa sasa inafungika kama chupa.

Kwa hiyo kabla ya kusaini, tafuta jina la kampuni kwenye rejista ya TrustMark, mpango wa ubora wa mafundi unaotambuliwa na serikali, wewe mwenyewe, usitegemee nembo iliyo kwenye gari. Omba nakala ya tathmini na mpango wa uingizaji hewa uliofanywa kwa viwango vya PAS 2035, yaani viwango vya Uingereza vya kuboresha nishati ya nyumba, pamoja na jina la mratibu wa kazi. Dai dhamana ya miaka 25 ya ukuta kwa maandishi, na uthibitisho kwamba imetolewa na mdhamini wa nje. Dhamana ya kampuni iliyofilisika haina kazi. Piga picha za ukuta kabla, wakati wa kazi na baada. Ikiwa kazi imeshafanywa na unyevu umeanza, mwandikie fundi kwanza, kisha mdhamini, kisha TrustMark, kwa mpangilio huo, ukiambatanisha picha zenye tarehe.

Anayebisha mlangoni akidai "serikali imenituma" hajatumwa. Wengi ni wakusanyaji wa majina wanaouza taarifa zako kwa kampuni nyingine, na wapo wanaoendelea kutaja Green Homes Grant miaka mitano baada ya kuzikwa. Mwombe aache karatasi, usimpe tarehe ya kuzaliwa wala namba ya bima ya taifa, kisha ipigie simu halmashauri kwa namba iliyo kwenye bili yako ya kodi. Piga Aprili au Mei, fungu la mwaka likiwa bado bichi. Ukiambiwa limekwisha, omba jina lako liwekwe kwenye orodha ya kusubiri, na uulize mwaka wa fedha ujao wanaanza kupokea wiki ipi.